Kufufua Gitaa Kuukuu la Umeme Katika Hewa ya Chumvi

Gitaa ninalolitumia kama mfano katika mwongozo huu lilikaa miaka kadhaa chini ya kitanda, katika nyumba moja ya Shangani mjini Mtwara, mahali ambapo mawimbi husikika usiku. Lilikuwa limeviringishwa katika kanga mbili. Mwenye nalo, aliyekuwa akipiga katika kwaya ambayo baadaye ilivunjika, aliniuzia kwa bei ya mbuzi mdogo, akaniambia kwamba ninunue mbao tu kwa kuwa gitaa lenyewe limekwisha kufa. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta maganda mawili ya mayai ya mjusi yameng'ang'ania waya, vumbi jeusi, na viungo vya lehemu vilivyogeuka kijani. Pikapu zote mbili, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zilikuwa nzima. Kazi iliyolirudisha gitaa hilo jukwaani ilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mswaki, msasa na subira, na kipuri cha kwanza kununuliwa kilikuwa tundu la jeki, pale panapochomekwa waya wa amplifaya. Kwa hiyo ushauri utakaorudi mara kwa mara hapa ni kwamba fedha ya vipuri isitoke mfukoni kabla ya chumvi kutoka kwenye gitaa.

Upepo wa bahari unaovuma Mtwara, Mikindani na Lindi hubeba chembe za chumvi, na chumvi hunyonya unyevu hata siku ambayo mvua haijanyesha, hivyo vyuma vilivyopakwa nikeli huota vipele vya kutu na shaba hufunikwa na utando wa kijani. Sauti ya gitaa la umeme, kwa upande wake, hutokana na mkondo mdogo mno: uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku ya pikapu, koili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele huzalisha umeme ambao kwa kawaida haufiki hata volti moja. Umeme dhaifu kiasi hicho hauna ubavu wa kupenya utando wa kutu ndani ya swichi au tundu la jeki, na ndiyo maana gitaa zima kabisa linaweza kukaa kimya kama jiwe.

Vifaa

Andaa bisibisi za nyota za ukubwa tofauti, bisibisi bapa moja, seti ya spana za L, koleo la kukatia waya, multimita (kipima umeme) ya bei nafuu, pasi ya kulehemu ya wati 40, na lehemu yenye ulimbo ndani yake. Lehemu ya mafundi mabomba, inayotumiwa pamoja na asidi, isikaribie gitaa, kwa sababu asidi itaendelea kula waya muda mrefu baada ya wewe kufunga kifuniko. Ongeza msasa wa namba 400, 600, 1000 na 2000, tupa ndogo, gundi nyeupe ya mbao, mswaki uliokwisha kazi, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, na dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, ambayo mafundi simu na redio huwa nayo. Dawa hiyo isichanganywe na mafuta ya kupuliza ya kulegezea skrubu zenye kutu. Makopo yanafanana, lakini mafuta hayo huacha utelezi unaokusanya vumbi ndani ya vidhibiti vya sauti, na baada ya miezi michache mkwaruzo hurudi ukiwa mbaya zaidi. Trei tupu ya mayai itakufaa kuliko kisanduku chochote cha dukani, kwa kuwa kila kishimo kitahifadhi skrubu za sehemu moja na hutabaki ukikisia ipi ilitoka wapi.

Kabla ya kufungua

Chomeka waya wa gitaa kwenye gitaa bila kuuunganisha na amplifaya. Fungua vidhibiti vyote hadi mwisho, weka multimita kwenye kipimo cha kilo-omu 20, kisha gusisha ncha moja kwenye kichwa cha jeki iliyo huru na nyingine kwenye shina lake. Pikapu ya koili moja kwa kawaida huonyesha kati ya kilo-omu 5 na 8, na ile ya koili mbili huonyesha 7 na kuendelea. Zungusha swichi ya kuchagulia pikapu na uandike namba ya kila nafasi. Multimita ikionyesha sifuri, kuna waya umegusana na mwingine usiohusika. Isipoonyesha kitu chochote, kuna mahali pamekatika, na pengi kati ya hapo huwa ni uchafu wa swichi, si koili iliyokufa. Kipimo hiki cha dakika tano kimeokoa pikapu nyingi zilizokuwa njiani kwenda jalalani.

Jambo la usalama lisemwe hapa hapa. Gitaa lenyewe halina umeme wa kudhuru, ila nyuzi zake zimeunganishwa na waya wa athi wa amplifaya, yaani ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na amplifaya imeunganishwa na soketi ya volti 230. Ikiwa athi ya nyumba imekatika na amplifaya ina hitilafu, umeme huo unaweza kufika kwenye vidole vya mpigaji, hasa anaposimama pekupeku sakafuni au anapogusa maikrofoni kwa midomo. Plagi yenye pini tatu haitoshi kama pini ya athi haijaunganishwa na kitu ukutani, basi mwite fundi umeme aipime kabla hujapima gitaa.

Kufungua na kusafisha

Piga picha kwa simu katika kila hatua, hasa picha ya waya ulivyopita na rangi zake, kwa kuwa kumbukumbu ya jana haitoshi kuunganisha waya wa leo. Legeza nyuzi polepole, zote kwa zamu, usizikate zikiwa zimekazwa. Kama shingo imefungwa kwa skrubu nne nyuma ya mwili, itoe; kama imeunganishwa kwa gundi, iache ilivyo.

Mwili uliopakwa rangi ngumu ya kisasa hustahimili kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kisha kitambaa kikavu. Uchafu wenye mafuta huondoka kwa petroli safi ya kujazia viberiti, ikipakwa kwa pamba mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na pasi ya kulehemu. Magitaa ya zamani zaidi huwa na laka inayoyeyushwa na spiriti na asetoni, hivyo vimiminika hivyo viwili visitumike mpaka uwe umejaribu tone moja mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya mfuko wa shingo, shimo la mwilini ambamo shingo hukaa.

Vyuma vya daraja, yaani sehemu inayoshikilia nyuzi mwilini, na skrubu zake vilowekwe katika siki usiku mmoja, vipigwe mswaki, visuuzwe kwa maji baridi, vikaushwe mara moja na kupakwa mafuta mepesi ya cherehani. Siki ikiachwa siku mbili hula nikeli yenyewe. Stiliwaya ya kuoshea sufuria iache jikoni: nyuzi zake huvutwa na sumaku za pikapu na hazitoki, na zikifika kwenye koili huleta milio ya ajabu au kuikata kabisa.

Ubao wa vidole unahitaji kutambuliwa kwanza. Ukiwa wa mti mweusi au wa kahawia usio na vanishi, kwaruza uchafu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, futa kwa kitambaa chenye petroli ya kiberiti, uache ukauke, kisha upake matone machache ya mafuta ya madini yasiyo na rangi na ufute yote yanayobaki juu. Ukiwa wa mti wa rangi ya maziwa na unang'aa kwa vanishi, futa tu, usipake mafuta. Mimi gitaa langu la kwanza nililipaka mafuta ya nazi, nikiamini kwamba kinachofaa nywele kitafaa na mbao. Baada ya wiki tatu ubao ulinata, ukanuka kama nazi iliyooza, na asubuhi moja nikakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi freti ya tano, yaani ule mstari wa tano wa chuma unaokatiza ubao.

Matundu ya skrubu yaliyolegea, ambayo ni ugonjwa wa kawaida wa mbao zilizolowa na kukauka mara nyingi, yajazwe vijiti vya kuchokonolea meno vilivyochovywa gundi, vikatwe usawa wa mbao baada ya saa 24, kisha skrubu irudishwe polepole kwa mkono.

Shingo na freti

Hapa ndipo gitaa linapopona au kuharibika, na hapa ndipo haraka inapodhuru. Ndani ya shingo za magitaa mengi kuna nondo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Rudisha shingo, funga nyuzi mpya na uzikaze hadi sauti zake za kawaida, ndipo uipime. Bonyeza uzi wa sita, ulio mnene kuliko zote, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Nafasi ya robo milimita hivi, karibu na unene wa kadi ya mwaliko, inafaa. Ikiwa pana zaidi, shingo imepinda kuelekea nyuzi, nayo hunyooshwa kwa kukaza nondo, yaani kuizungusha kulia ukiitazama kutoka upande wa spana. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, ilegeze. Zungusha robo ya duara tu kila mara, rudisha nyuzi kwenye sauti zake, uiache shingo usiku mmoja na upime tena, kwa kuwa mbao haitii amri papo hapo. Nondo ikikataa kuzunguka kwa nguvu ya kawaida ya mkono, usiongeze bomba kwenye spana. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ni msiba ambao tiba yake inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Freti zenye ukungu wa kijani zing'arishwe baada ya kufunika ubao kwa tepu ya karatasi, ukianza na msasa wa 600, kisha 1000, kisha 2000, ukisugua kwa kufuata urefu wa freti. Usianze na wa 400 kwa sababu tu kutu inakuudhi. Huo ni wa kusawazishia, nao hula chuma. Ikiwa kuna noti moja inayokwaruza huku za jirani zikiwa safi, laza ukingo ulionyooka wa rula fupi juu ya freti tatu kwa pamoja. Rula ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya katikati imenyanyuka. Mara nyingi imetoka kidogo katika mfereji wake, nayo hurudi kwa kugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao ngumu. Nusu tu ya freti nilizozidhania kuwa ndefu ndizo zilizohitaji kupunguzwa, na hizo nilizipaka wino wa kalamu nene juu, nikazipitisha msasa wa 400 uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka hadi wino wa kilele ulipotoka, kisha nikaurudisha mviringo wake kwa tupa ndogo.

Kizingiti cha nyuzi

Kipande kidogo kinachobeba nyuzi kwenye mpaka wa shingo na kichwa, ambacho hapa nakiita kizingiti, katika magitaa ya bei ndogo huwa cha plastiki yenye uwazi ndani, na kukibadilisha ni uboreshaji unaosikika kuliko bei yake. Kwetu mali ghafi ipo buchani. Omba kipande cha mfupa wa paja la ng'ombe, kichemshe, kikwangue uboho wote, kiloweke katika petroli ya kiberiti kwa siku kadhaa ili mafuta yatoke, kisha kikauke kivulini kwa wiki mbili. Kata kwa msumeno wa chuma na usawazishe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, ukiwa umefunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mfupa halifai kuvutwa.

Wenye jirani mchonga vinyago wa Kimakonde huniuliza kuhusu mpingo, mti ambao huzama majini na ambao wachongaji wa kusini huujua kuliko mtu yeyote. Mpingo ni mbao ya heshima katika ala za muziki, na zumari za Ulaya zinazoitwa klarineti hutengenezwa kwa mti huo huo, lakini kwa kizingiti cha nyuzi za chuma mfupa hustahimili msuguano vizuri zaidi. Masalia ya mpingo nayatumia kwa vifundo vya vidhibiti, na hapo hayana mpinzani.

Mifereji ya nyuzi ichongwe kidogo kidogo kwa tupa nyembamba, ikiinama kuelekea kichwani. Kipimo cha kina chake ni hiki: bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na utazame juu ya freti ya kwanza. Pakiwa na upenyo wa unene wa karatasi, acha hapo hapo. Uzi ukilala juu ya freti, umechonga kupita kiasi na utaanza na kipande kingine, jambo lililonipata mara mbili kabla ya la tatu kukubali. Sugua risasi ya penseli ndani ya kila mfereji ili uzi uteleze unapokazwa.

Umeme wa ndani

Puliza dawa ya viunganishi kupitia tundu dogo lililo mgongoni mwa kila kidhibiti, zungusha kifundo mara ishirini au thelathini, kisha fanya hivyo kwa swichi. Tundu la jeki lenye ulimi uliolegea au ulioota kijani libadilishwe tu; ni la kipenyo cha milimita 6.35 na hupatikana kwa mafundi redio. Kama kidhibiti kinaendelea kukwaruza baada ya kusafishwa mara mbili, kinunuliwe kipya chenye thamani inayolingana na pikapu: kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, 500 kwa zile za koili mbili. Ukiweka 500 kwenye koili moja sauti itakuwa kali ya kuchoma masikio, na ukiweka 250 kwenye koili mbili itafifia kama inayotoka nyuma ya pazia.

Unapolehemu, pasha moto kiungo chenyewe na uache lehemu iyeyuke kwa kukigusa hicho. Usiidondoshe kutoka kwenye ncha ya pasi. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa, kibovu huwa kama kidonge cha kijivu kilichokaa juu juu. Mgongo wa kidhibiti ni bamba kubwa linalonyonya joto, hivyo ukwaruze kwa msasa kwanza na uvumilie sekunde chache zaidi. Lehemu ya kawaida ina risasi. Dirisha liwe wazi na mikono ioshwe kabla ya kula.

Mvumo unaopungua unapogusa nyuzi ni wa kawaida kwa kiasi fulani. Unaoongezeka unapozigusa unaonyesha kwamba waya za jeki zimebadilishana nafasi au hitilafu ya athi, na usiendelee kupiga kabla ya kuipata. Tafuta waya mmoja unaotoka chini ya daraja hadi mgongoni mwa kidhibiti, kwa kuwa chumvi hupenda kuumaliza pale unapogusana na chuma. Kupunguza mvumo zaidi, tandaza karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo la vidhibiti na uiunganishe na athi. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inakinga, ila haishiki lehemu ya kawaida, basi ukandamize waya juu yake kwa skrubu na washa, kile kipete bapa cha chuma.

Kupatanisha

Nyuzi za unene wa inchi 0.010 hadi 0.046 zinafaa magitaa mengi. Pima kimo chake kwenye freti ya 12: milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha kila uzi upatanishwe urefu wake. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate sauti ya kengele, halafu bonyeza freti hiyo hiyo na ulinganishe kwa programu ya tyuna ya simu. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, tandiko la uzi huo, yaani kipande kinachoubeba kwenye daraja, lirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogezwe mbele.

Kuboresha

Baada ya hapo ndipo ununuzi unapoanza, na mimi hufuata utaratibu huu: vikazio vya nyuzi kwanza ikiwa meno yamelika, kisha vidhibiti, na pikapu mwisho. Katika muziki wetu wa dansi, tangu siku za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, gitaa la solo limesikika safi, noti kwa noti. Pikapu zenye nguvu nyingi zilizoundwa kwa muziki wa roki husonganisha noti hizo, hivyo namba kubwa kwenye kipimo cha multimita isikushawishi.

Vipuri vingi vitatoka Dar es Salaam kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 500, na kurudisha kifurushi kisichofaa ni hasara ya wiki nzima. Pima kabla ya kuagiza: kipenyo cha matundu ya vikazio, ambacho huwa milimita 8 hivi kwa aina moja na 10 kwa nyingine, umbali kati ya skrubu za daraja, na shina la kidhibiti, kama ni la mviringo mzima au lenye meno lililopasuka katikati. Pima pia umbali kutoka kizingiti hadi freti ya 12 na uuzidishe mara mbili. Stratocaster ya Fender, iliyotoka mwaka 1954, na magitaa mengi yaliyoiiga, itakupa milimita 648, na nyingi za Gibson karibu 628. Mpelekee muuzaji namba hizo pamoja na picha. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa lisikutoshe, kwa kuwa vichwa vingi vimebandikwa majina yasiyo yake.

Gitaa lililokamilika litundikwe kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na upepo wa bahari, au lifungwe katika begi lenye vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyotoka kwenye viatu vipya. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga, juu na chini yake, na kati ya Desemba na Aprili, mvua inapokuwa nyingi huku kusini, zungusha kila kidhibiti na kila swichi mara ishirini kila Jumamosi, hata kama wiki hiyo hukupiga.